Ndoo ya Ijumaa

Mimi sipendi kuulizwa jambo mara mbili. Nimekata samaki kwenye maabara hii miaka ishirini na mbili, nimeizidi umri hata friji kubwa, na mtu akiniuliza "Una uhakika?" namkazia macho mpaka aangalie pembeni. Kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Hili la namba kumi na saba nilijiuliza mwenyewe mara nne, na mara zote nne jibu lilikuwa lilelile.

Kazi yenyewe naweza kumweleza mtu yeyote. Samaki ni nyama, na ndani ya nyama kuna protini. Protini ni kama uzi mrefu uliokunjwa kwa mkunjo wake maalumu. Mkunjo ukiwa sawa, msuli unavuta, jicho linaona, mwili unajitengeneza. Sasa zebaki ikiingia majini, inaliwa na vidudu, vidudu vinaliwa na samaki wadogo, wadogo wanaliwa na wakubwa, na haipotei njiani hata kidogo. Ikifika kwenye nyama inatafuta salfa iliyomo ndani ya protini, inaganda hapo kama ruba, na ule mkunjo unaharibika. Haikai kwenye mafuta useme utayamwaga. Haikai kwenye ngozi useme utaibandua. Chemsha, kaanga, banika, kamulia ndimu gunia zima, iko palepale. Haya nimeyasema kwenye mikutano mingi mbele ya watu waliokuwa wakipiga miayo.

Bosi wangu ni msichana wa miaka thelathini na mbili. Mimi namwita Daktari kwa sababu ndiye daktari wa mambo ya samaki, naye ananiita Dada kwa sababu ananiogopa. Mwaka huu tulikuwa tunapima samaki wa upande wa chini wa machimbo ya dhahabu, kule wanakotumia zebaki kukamatia vumbi la dhahabu. Lakini huwezi kumjua mchafu bila msafi wa kumlinganisha naye. Wasafi wetu hutoka kwenye mabwawa ya kufugia, na wiki ile pampu ya hewa iligoma, wakafa wote kwa usiku mmoja. Daktari akashika kichwa.

"Acha kulia," nikamwambia. "Ijumaa nitakuletea samaki msafi kuliko wote uliowahi kuwaona. Wa baba yangu."

Baba anaishi peke yake kando ya bwawa kubwa, mbali upande wa juu wa machimbo, saa sita kwa basi. Mimi naishi peke yangu hapa mjini, chumba na sebule, kiti kimoja cha kukalia na kimoja cha kuwekea nguo. Mama alipofariki, mimi nilitaka Baba ahamie kwangu, na Baba alitaka mimi nirudi kwake. Kila mmoja akakaza shingo. Kwa kuwa hatukuweza kuongea bila kugombana, Baba akaanza kutuma samaki.

Kila Ijumaa alfajiri anavua kambare, anamtia kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko, anamfunika kwa barafu na maranda ya mbao, anaipakia kwenye basi la kwanza. Mchana naichukua pale ofisi ya mizigo. Karani wa pale ni mtani, ameamua kwamba ndoo inatoka kwa mwanamume. "Mchumba kaleta tena!" anapaza sauti mbele ya watu. "Huyu anakupenda, Dada, wenzako wanatumiwa maua tu." Namwambia anyamaze anipe mzigo wangu. Jumatatu nairudisha ndoo ikiwa na magazeti, betri za redio, pengine dawa ya maumivu ya magoti.

Na Ijumaa jioni simu inaita. Baba akiongea na simu anapiga kelele kama anayemwita mtu wa ng'ambo ya bwawa.

"Umempata?"

"Nimempata, Baba."

"Mkubwa, eh?"

"Mkubwa."

"Haya."

Anakata. Hayo ndiyo mazungumzo yetu, miaka sita. Mtu anaweza kucheka, lakini mimi kuanzia Jumatano nilikuwa nayasubiri. Wiki nzima sauti ninazosikia nyumbani ni za bomba la maji na mlango wa jirani.

Basi Ijumaa ile nikapita kwanza kazini na ndoo. Alikuwa kambare wa kilo tatu, mweusi, mwenye sharubu kama askari mstaafu. Nikachukua ini na ubavu mmoja kwa ajili ya maabara. Ubavu wa pili nikaenda nao nyumbani, nikaupika kwa vitunguu, nikaula siku tatu. Kwanza nilikula kwa raha kuliko kawaida, maana niliona Baba naye sasa ameingia kwenye utafiti.

Kwetu sampuli hazisomwi kwa majina. Mimi nakata na kusaga, Daktari anazipa namba mpya bila mimi kuwapo, orodha anaitia kwenye bahasha na kuifunga. Ndipo narudishiwa nizisome. Utaratibu huo niliudai mimi mwenyewe zamani, baada ya kuona watu wanavyosoma kwa moyo badala ya macho. Tunazimimina protini kwenye jeli, laini kama utando wa uji uliopoa, tunatia umeme, nyepesi zinatangulia na nzito zinachelewa, na tukizitia rangi tunaona mistari ya buluu. Samaki mzima ana mistari yake, naijua kama sura za ndugu. Samaki mwenye zebaki, mistari mingine imefifia, na kuna mmoja kule chini umenenepa. Huo ni wa protini ndogo ambayo mwili huitengeneza kwa wingi ukitaka kukamata metali. Ukiuona umenenepa, ujue mwili ule umekuwa vitani muda mrefu.

Namba kumi na saba niliiona kutoka mlangoni. Nikaandika kwenye daftari, kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Mbaya kuliko wote. Samaki mzee, amekula wenzake miaka mingi. Masikini anayekula huyu." Na mashine ya kupimia zebaki ikasema vilevile.

Daktari akafungua bahasha mbele yangu. Akapitisha kidole, akafika kumi na saba, akakiacha kidole hapo.

"Soma," nikasema.

"Dada, labda nimekosea kuandika."

"Soma!"

Alikuwa ni samaki wa Baba.

Nilimfokea mtoto wa watu, Mungu anisamehe. Nilimwambia ana mikono ya ovyo, amechanganya mirija, shule zimewaharibu. Nikarudia kazi yote upya kwa mikono yangu, kwa nyama iliyobaki kwenye friji, nikarudia tena, na tena. Siku ya nne Daktari akaja na ramani ya zamani, ya kabla bwawa halijajengwa. Pale ambapo sasa ni maji, pameandikwa maneno matatu madogo: machimbo ya dhahabu.

Na mimi nilikuwa najua! Hilo ndilo linaloniuma. Nikiwa mtoto Baba mwenyewe alinisimulia jinsi watu walivyokuwa wakiosha dhahabu pale bondeni, kisha ukuta ukajengwa, maji yakafunika mashimo na matope yao. Nilijua, halafu nikaona maji meupe yanayoonyesha mpaka vidole vya miguu, nikasahau. Mtu wa miaka ishirini na mbili kwenye kazi hii ameyaamini maji kwa macho.

Daktari akavuta stuli, akakaa karibu yangu. "Dada," akasema polepole, "yule samaki, ubavu wa pili ulikwenda wapi?"

Nikamwonyesha tumbo langu.

"Na wale wa Ijumaa nyingine?"

Nilikuwa naangalia vidole vyangu. Ncha zake zilikuwa na ganzi tangu mwaka jana, na vikombe viwili vilishaniponyoka nikasema ni glavu, ni baridi ya friji, ni uzee. Kumbe.

Nywele nazo ni protini. Zebaki iliyomo kwenye damu inaingia kwenye unywele unapoota na haitoki tena, na unywele huota kama sentimita moja kwa mwezi. Kwa hiyo mtu mwenye nywele ndefu ana kalenda kichwani. Zangu sijazikata tangu Mama afariki, kwa sababu ni yeye aliyekuwa akinisuka. Daktari akachukua mkasi, akakata kishungi kimoja kisogoni, karibu kabisa na ngozi. Nikakilaza kishungi kwenye rula, nikakikata vipande ishirini na nane vya sentimita moja moja, maana nywele zangu zikifika hapo hukatika zenyewe, nikaviingiza kwenye mashine kimoja kimoja. Sikutaka mtu mwingine afanye.

Watu wasiokula sana samaki hata mbili kwa milioni hawafiki. Mimi nilikuwa na kumi na tisa. Kumi na nane. Kumi na tisa. Ishirini. Ijumaa za Baba zilikuwa pale, mwezi baada ya mwezi. Halafu nilipofika nyuma, karibu miaka miwili iliyopita, namba ikaanza kushuka: kumi na tano, kumi na moja, saba. Kisha ikapanda tena.

Nikajua mara moja ni lini. Ni ile miezi mitatu ya kununiana. Nilimwambia kwenye simu kwamba analing'ang'ania bwawa kama vile ndilo mke wake, akakata simu, na mimi kwa hasira sikuirudisha ndoo. Ilikaa kwangu nyuma ya mlango, tupu. Hana ndoo nyingine, atume kwa kitu gani? Nilikuwa narudi kazini, nafungua mlango, naiona, nakaa kwenye kile kiti kimoja na kulia kama mtoto. Hiyo ndiyo miezi ambayo mwili wangu ulikuwa unapona. Mwishowe niliipakia kwenye basi bila neno lolote, na Ijumaa ikarudi na kambare mkubwa kuliko wote. Nilimla mzima, mpaka kichwa.

Daktari akasema, "Lazima umwambie, Dada."

Ni rahisi kusema. Nimwambie kwamba kila Ijumaa, miaka sita, alikuwa anamchagulia binti yake sumu? Mzee wa miaka sabini na sita anayeamka kabla ya jua kwa ajili yangu? Na nikishamwambia, simu itaita kwa sababu gani? Sisi hatuna kingine. Nilifikiri sana, nikafanya la kijinga: nikanyamaza.

Ijumaa iliyofuata nikachukua ndoo, karani akasema utani wake, nikaenda nayo moja kwa moja kazini nikamtupa kambare kwenye pipa la taka za hatari. Jioni simu ikaita.

"Umempata?"

"Nimempata, Baba."

"Mkubwa, eh?"

"Mkubwa. Mtamu."

"Haya."

Nilikula mkate na chai. Sijawahi kuwa mpweke kama jioni ile, hata siku ya mazishi ya Mama. Ile "haya" yake sikuweza kuivumilia.

Wiki iliyofuata alipiga Alhamisi. Nikaidaka simu, maana Baba hapigi Alhamisi.

"Sikiliza," akapaza sauti. "Kesho utanisamehe. Mkubwa wa wiki hii nampa mke wa jirani, ana mimba ya miezi sita, kakonda. Wewe nitakutumia wiki ijayo."

"Usimpe!"

"Nini?"

"Baba, usimpe yule samaki!"

"We mtoto, uchoyo umeuanza lini? Sikukulea hivyo."

"Baba, wana sumu." Na nikilianza jambo, mimi sijui kulimaliza nusu. Nikamweleza yote: mashimo chini ya maji, zebaki, kambare anayekula wenzake, na jinsi nilivyoisoma zebaki kwenye nywele zangu. Nikamwambia mtoto aliye tumboni ndiye anayeumia zaidi, ubongo wake ndiyo kwanza unajengwa. Nikamwambia ndimu haisaidii kabla hajauliza habari ya ndimu. Kule upande wa pili nilisikia redio, kisha redio ikazimwa.

"Wote?" akauliza. Kwa mara ya kwanza hakupiga kelele.

"Wakubwa ndio wabaya. Wadogo, wale perege wanaokula majani, wana kidogo sana. Wewe unakula gani, Baba?"

"Perege. Hao wananitosha. Wakubwa nilikuwa nakuwekea wewe."

"Najua."

"Unaumwa?"

Nilitaka kudanganya. "Vidole tu, vina ganzi kidogo. Daktari anasema nikiacha, vitarudi."

Simu ikakatika. Sijui ni yeye aliyekata au ni mtandao. Nilipiga tena mara saba, haikupokelewa.

Jumatatu, ndoo ikiwa bado kwa Baba, nikapakia boksi kwenye basi. Humo ndani nilitia betri na dawa ya magoti, na barua fupi: nimemwomba asijilaumu. Ijumaa nilifika ofisi ya mizigo kabla hata basi halijaingia. Basi likaingia, na ndoo ilikuwemo. Nikaifungulia palepale kaunta, kwa mikono miwili, karani akinichungulia. Barafu, maranda, na perege wadogo kumi na wawili, wamepangwa kama vijiko.

"Mchumba kafilisika?" karani akasema.

"Nyamaza," nikamwambia, lakini nilikuwa nacheka na machozi yananitoka.

Jioni simu haikuita. Nikapiga mimi. Akapokea.

"Nimewapata, Baba."

"Wadogo, eh?"

"Wadogo, wazuri. Na wewe umekula nini leo?"

Nikasikia anaiongeza redio sauti.

"Baba. Umekula nini?"

"Perege hawatutoshi wawili," akasema. "Siku hizi hawashiki sana ndoano. Nimekula kambare. Mke wa jirani sikumpa, lakini mimi mzee, wataniharibu nini?"

Hapo nikalipuka. Nilimpigia Baba yangu kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Nilimwambia hana akili, ni mkaidi, amemuua Mama kwa ukaidi. Hilo la mwisho si kweli, nililijutia kabla sijalimaliza. Nikamwambia sitaki samaki, si mkubwa si mdogo, sitaki hata magamba, akitoa kambare mwingine majini nakuja kuchoma ndoano zake zote.

Akaniacha nimalize. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwenye simu:

"Sasa bila samaki, nitakupigia kukwambia nini?"

Mimi ninayejibu kila mtu, nilikaa na simu sikioni, yeye akakaa na yake, nikasikia anavyopumua. Mwishowe akasema haya, akakata.

Jumatatu nilipakia ndoo. Sikujua nitie nini, nikatia magazeti. Wiki ile ilikuwa ndefu. Daktari aliniletea chai mara mbili bila kuombwa, na mimi nilimwomba radhi kwa maneno yale ya mikono ya ovyo, jambo ambalo lilimshtua kuliko matusi yenyewe.

Ijumaa nilijiambia siendi. Saa saba nilikuwa pale dirishani.

Karani aliinua ndoo kwa kidole kimoja. "Dada," akasema, safari hii bila utani, "hii ni tupu. Labda wameiba njiani."

Ilikuwa nyepesi kweli. Nikaenda nayo hadi maabara, nikaiweka juu ya meza ya kukatia samaki, nikaondoa mfuniko. Hakukuwa na barafu wala maranda. Chini kabisa palikuwa na kipande cha gazeti langu mwenyewe kilichokunjwa mara nne, kimefungwa kwa uzi wa kuvulia. Nikakikata. Ndani mlikuwa na nywele. Fupi, nyeupe, zimekatwa ovyo kwa mkasi wa nyumbani, hazijai hata kijiko cha chai. Pembeni ya gazeti ameandika kwa kalamu ya risasi, kwa herufi zake kubwa: PIMA. UTAONA SIJALA TENA.

Nikamwita Daktari. Alipofika nikamwonyesha. Akasoma, akavua miwani, akaanza kuipangusa.

Nywele zile zilikuwa fupi mno kusema lolote kuhusu wiki moja. Kalenda yake ilikuwa ya zamani, ya mtu aliyekula wadogo kwa miaka. Nilizipima hata hivyo, kwa mizani ndogo kuliko zote tulizonazo, nikishika kibano kwa vidole vyenye ganzi ili usipotee hata unywele mmoja. Moja nukta tatu. Msafi. Huyu ndiye tuliyepaswa kumlinganisha na wengine tangu mwanzo.

Simu iliita kabla sijaondoka kazini.

"Umezipata?" Baba alipiga kelele, mpaka Daktari akageuka kule mlangoni.

"Nimezipata, Baba."

"Nyingi, eh?"

"Nyingi."

"Usizizoee. Zimebaki chache."

"Ijumaa ijayo chache tu zinatosha," nikamwambia. "Hata tatu."

"Haya," akasema Baba, lakini hakukata.